Ukuta wa nje haumlindi mtoto aliye ndani: jibu kuhusu uzio wa bwawa la nyumbani

Swali: Habari za kazi. Tumenunua nyumba Mbezi Beach yenye bwawa la kuogelea nyuma ya baraza. Mwenye nyumba wa awali aliacha uzio wa chuma wenye maua, unanifika kiunoni, na geti linalofunguka kuelekea bwawani na kufungwa kwa kufuli. Upande wa nyumba hakuna kitu, mlango wa kioo wa sebuleni unatokea bwawani moja kwa moja. Nina mtoto wa miaka miwili na mwingine wa sita, na watoto wa dada yangu huja likizo. Mume wangu anasema tuna ukuta mrefu, nyaya za umeme na mlinzi, basi inatosha. Mimi usingizi sipati. Sheria inasemaje, na uzio ulio salama unakuwaje? Mama wa wawili, Mbezi Beach.

Jibu:

Dada, salaam, na hongereni kwa nyumba.

Nianze na hoja ya shemeji, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo karibu kila nyumba ninayoitwa kukagua, iwe Masaki, Goba au Kigamboni. Ukuta wa nje, nyaya na mlinzi vimewekwa kwa ajili ya mtu anayetoka barabarani. Mwanao wa miaka miwili analala ndani ya ukuta huo na kuamkia humo humo. Mlango wa sebule ukiachwa wazi kidogo tu, tayari yuko ukingoni mwa maji, na hakupita mbele ya mlinzi wala hakugusa waya wowote. Mlinzi mwenyewe anatazama geti kubwa, bwawa liko mgongoni kwake. Mwambie shemeji kwa upole kwamba mali yenu inalindwa vizuri, ila watoto bado.

Na mtoto mdogo akizama hapigi kelele. Hapungi mkono, hamwiti mama. Anaingia majini kimya kimya, na dakika chache zinatosha kumuua au kumwachia madhara ya ubongo ya kudumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo kukosa kwako usingizi kuna sababu, na ningependa shemeji naye akose kidogo mpaka kazi iishe.

Kwa jinsi ulivyoieleza nyumba, tatizo kubwa kuliko yote liko upande usio na uzio kabisa. Uzio wa pande tatu, wa nne ukiwa ukuta wa nyumba wenye mlango, unamzuia mtoto wa jirani na kumwachia njia mtoto wa nyumbani, ambaye ndiye yuko karibu na maji kila siku. Tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili, na zikakusanywa pamoja kwenye tathmini inayotajwa sana na wataalamu wa usalama, zilikuta kuwa uzio wa pande nne unaolitenga bwawa na nyumba unapunguza hatari ya mtoto kuzama kwa takribani asilimia 83 ukilinganishwa na uzio wa pande tatu. Kama bajeti yenu inaruhusu jambo moja tu mwaka huu, fedha yote iende hapo: uzio kati ya baraza na maji. Acheni baraza na viti vyake nje ya uzio, ndani muache njia ya kuzunguka bwawa tu. Hata nafasi ya mita moja kando ya maji inatosha.

Nyumba nyingine zimejengwa zikabana mno hadi nafasi hiyo haipo. Yenu ikiwa hivyo, ukuta wa nyumba unaweza kutumika kama upande wa nne, lakini kwa masharti magumu. Dirisha lolote linalotazama bwawa lisifunguke zaidi ya sentimita 10, au liwe na grili isiyopitisha mtoto. Mlango ujifunge wenyewe na kitasa chake kiwe juu, mita 1.5 kutoka sakafuni. Sasa mlango wa alumini wa kuteleza, kama huo wa sebuleni kwenu, kwa kawaida haujifungi wenyewe. Ningeufunga kabisa ubaki kuwa dirisha kubwa la kuingiza mwanga, na watu watoke kwa mlango mwingine. Najua kioo hicho pengine ndicho kilichowafanya muipende nyumba. Ndiyo maana nasisitiza uzio wa nne: ukiwepo, mlango wa kioo mnabaki nao.

Kuhusu kimo, uzio unaokufika kiunoni haufai, na hauna marekebisho. Afrika Kusini, kanuni za ujenzi zinataka angalau mita 1.2. Australia, ambako sheria za uzio wa mabwawa ni kali na zinakaguliwa kweli, kipimo cha chini ni hicho hicho mita 1.2. Ufaransa, ambayo ilitunga sheria ya usalama wa mabwawa ya nyumbani mwaka 2003, inakubali uzio wa mita 1.1. Wewe una mtoto wa miaka sita anayepanda miembe, kwa hiyo nakushauri mita 1.5. Pima kutoka nje ya uzio, upande anaosimama mtoto, na pima mahali ambapo ardhi imeinuka zaidi. Hapa mafundi wetu wengi hukosea. Wanapima kwenye pevingi upande wa bwawa, kumbe nje kuna tuta la maua lililoinuka sentimita 30, na mtoto akisimama juu yake uzio wa mita 1.2 umebaki sentimita 90.

Halafu kuna kupanda. Uzio mrefu wenye mahali pa kukanyaga ni ngazi, na haya maua ya chuma yanayopendwa sana na mafundi wa kuchomelea wa Dar yanatoa hatua nzuri kabisa kwa mguu wa mtoto. Ukienda kwa fundi, mwambie mapema: vyuma vya wima tu, visivyo na maua, mikono wala mduara. Vyuma viwili vya kulala, vya juu na vya chini, viachane kwa angalau sentimita 90 na viwekwe upande wa bwawa, si upande wa nje. Atakuambia utakuwa mkavu, hauna pambo. Upakeni rangi nyeusi au ya kijani iliyokolea, na baada ya wiki jicho litaanza kuupita na kuona maji tu. Neti ya waya wa matundu makubwa nayo ina kasoro ileile, kidole cha mguu kinaingia.

Sentimita hizo 90 zina maana nyingine pia. Ndani ya sentimita 90 kutoka kwenye uzio, kwa nje, kusiwe na kitu cha kupandia. Tembea kuuzunguka ukiwa na macho ya mtoto wa miaka mitano: kompresa ya kiyoyozi, kreti tupu za soda, chungu cha maua, stendi ya tangi la maji, tawi la mpera, rundo la matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Viti vya plastiki ndivyo vibaya zaidi kwa sababu vinahamishika. Leo viko barazani, kesho mtoto amekikokota kimoja hadi kwenye uzio.

Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, na ile ya chini ya uzio vivyo hivyo. Kata kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10, pita nacho kote. Kikipenya mahali, mahali hapo pana kasoro. Mbezi Beach ardhi ni ya mchanga, na masika ikipiga kwa nguvu mchanga unachukuliwa. Nimeona uzio uliokuwa mzuri mwezi Februari ukawa na shimo la kupitisha mbwa mwezi Mei. Mwagieni mkanda wa zege chini ya uzio wote, hata kama sehemu hiyo ni majani, na nguzo zichimbiwe ndani ya zege, zisibandikwe juu ya pevingi kwa boliti fupi.

Sasa geti. Ningeweza kuandika barua nzima juu ya geti peke yake, kwa sababu uzio ukishajengwa vizuri, pa kupitia panabaki hapo tu. Geti lako lina makosa mawili, linafungukia ndani na linategemea kufuli.

Kufungukia ndani ni hatari kwa sababu mtoto anayetaka kuingia husukuma. Kitasa kisiposhika vizuri, msukumo wake unalifungua. Likifungukia nje, upande wa mbali na maji, msukumo uleule unalifunga. Ni mageuzi ya nusu siku kwa fundi.

Kufuli nalo linataka mtu akumbuke kulifunga, na kwenye nyumba yenye watu wengi hakuna anayekumbuka kila mara. Mfikirie kijana anayekuja kusafisha bwawa asubuhi: mkono mmoja ndoo ya klorini, mwingine ile nyavu ndefu ya kuokotea majani. Anasukuma geti kwa bega, anaingia, na ili asisumbuke kutoka na kuingia analiwekea tofali. Au ufunguo wenyewe unatundikwa kwenye msumari barazani ambako kila mtoto anauona. Geti la bwawa lazima lijifunge na kujikomea lenyewe, bila mtu kufanya lolote. Unahitaji bawaba za springi zenye nguvu inayoweza kurekebishwa, na kitasa kinachojikomea, cha ulimi au cha sumaku, ambacho kishikio chake kiko angalau mita 1.5 kutoka chini. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendekeza uzio wa mita 1.5, kitasa kinapata pa kukaa. Kufuli unaweza kuliongeza mkisafiri, lisiwe ndilo tegemeo.

Fundi akimaliza, usimlipe kabla ya kulijaribu. Lifungue upana wa kiganja, liachie. Lifungue nusu, liachie. Lifungue hadi mwisho, liachie. Mara zote tatu lirudi lenyewe na ulimi uingie mpaka usikie mlio. Kisha litikise na kulivuta kwa nguvu bila kugusa kishikio. Likikwama mara moja tu, kazi haijaisha. Jaribio hilo lirudieni kila wiki, na siku upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu litazameni zaidi, maana upepo unaweza kulishikilia geti lisirudi.

Kuhusu vifaa, uko jirani na bahari, na hewa ya chumvi inakula chuma bila huruma. Ongeza na maji ya klorini yanayorukia nguzo. Skwea paipu nyembamba iliyopakwa rangi moja tu ya mafuta itaanza kutoa kutu kwenye maungio na chini kabisa, pale inapoingia kwenye zege. Kutu ya chini ndiyo mbaya, kwa sababu uzio unaonekana mzima hadi siku mtu anaegemea. Alumini yenye unene wa kutosha inadumu zaidi. Ukichagua chuma, kiwe kimechovywa zinki baada ya kuchomelewa, maana mahali palipochomelewa baadaye zinki imeungua na kutu itaanzia hapo. Mbao siipendi kwa Dar, mchwa na unyevu vitaimaliza. Kioo kilichoimarishwa ni kizuri sana kwa shemeji anayejali mandhari, hakina pa kukanyaga na unaona maji kutoka sebuleni, ila gharama yake ni kubwa na bawaba zake ziwe za chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316 linalohimili chumvi.

Kuna vitu vinavyouzwa kama mbadala wa uzio, na hakuna hata kimoja kinachotosha. Kengele ya majini inalia baada ya mtoto kuwa tayari ndani ya maji, kama betri iko hai. Turubai jepesi la kuelea, lile la mapovu la kutunza joto, ni hatari ya ziada: mtoto akilikanyaga linamfunika, na aliye barazani haoni kitu. Maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Kumfundisha kuogelea mkubwa wa miaka sita ni jambo jema na lifanyike, lakini mdogo wake wa miaka miwili hawezi kukabidhiwa usalama wake mwenyewe.

Uliuliza sheria. Kwa Dar es Salaam jambo linaanzia kwenye kibali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mtu asiendeleze ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kwenu mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni. Bwawa ni ujenzi kamili, lina shimo, nondo, zege, mabomba na umeme, hivyo lilipaswa kuwemo kwenye michoro iliyogongwa muhuri. Mwombeni aliyewauzia nakala ya kibali na michoro hiyo. Mkikuta nyumba imo na bwawa halimo, jambo linalotokea sana mahali ambapo bwawa liliongezwa baadaye, msilinyamazie. Msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi awachoree hali ilivyo pamoja na uzio mpya, vipimo vya geti vikiwa vimeandikwa, kisha mpeleke manispaa na kuomba masharti yao kwa maandishi. Kazi ya umeme wa pampu na taa ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kibali kisipotaja kimo cha uzio, usidhani umesamehewa. Mahakama zetu zinatumia pia kanuni za uzembe tulizorithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, ile iliyojengwa na hukumu za mahakama: mwenye kumiliki mahali penye hatari anayoijua ana wajibu wa kuchukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Mtoto wa mgeni akizama kwako, swali litakuwa ulifanya nini kumzuia, na kibao cha "Hatari, maji marefu" si jibu kwa mtoto asiyejua kusoma. Kwa watoto wenu wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi na walezi wajibu wa kumlinda mtoto. Na Kanuni ya Adhabu inagusa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Ndiyo sababu nawashauri mshike kipimo kikali kati ya nilivyovitaja hata pale karatasi ya manispaa inaporuhusu pungufu, na mtunze faili: michoro, risiti, picha za uzio ulipokamilika, na daftari la ukaguzi wa geti lenye tarehe na sahihi. Mkiwa na bima ya nyumba, waulizeni kwa maandishi kama inahusu dhima kwa wageni na kama wameelezwa kuwa kuna bwawa.

Siku mtakapoipangisha, mkataba useme wazi nani anatengeneza bawaba ikivunjika na kwa muda gani. Mkiifanya nyumba ya wageni wa kulala yenye wafanyakazi, imekuwa mahali pa kazi, na hapo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA, vinaingia.

Nina neno kuhusu dada wa kazi. Nyumba nyingi humwachia yeye bwawa pamoja na jikoni, nguo na mtoto mgongoni, kisha likitokea jambo analaumiwa. Mtu anayepika hawezi kulinda maji. Mtoto akiwa ndani ya uzio, awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake wakati huo ni hiyo tu, simu ikiwa mfukoni, na kwa mtoto mdogo awe umbali wa kumfikia kwa mkono. Siku ya kipaimara au ya kuzaliwa gaweni zamu za dakika 15 au 20 kwa majina, maana watu wazima 40 wakiwa barazani kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Watoto wakitoka majini, toeni mipira na midoli yote. Mwanasesere anayeelea ndiye anayemwita mtoto arudi peke yake.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango, nenda ukatazame tangi la maji la chini ya ardhi na mashimo ya maji taka. Nyumba zetu za Dar karibu zote zina tangi la kuhifadhia maji, na mfuniko wake mara nyingi ni bati jepesi ambalo mtoto wa miaka mitatu analiinua. Ufanyeni wa chuma kizito, uwe na komeo. Ni maji yaleyale, tena gizani.

Ninyi wazazi, dada wa kazi na mlinzi mjifunze kumwokoa mtoto aliyezama: kumtoa, kumpa pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua bila kusubiri gari. Kwa aliyekosa hewa majini, pumzi hizo ni muhimu kama kukandamiza. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, na ya dharura, 112, ziandikeni kwenye uzio kwa ndani pamoja na maelekezo ya kufika nyumbani kwenu, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata jina la mtaa wake.

Kwa wiki hii, kabla ya fundi na michoro: fungeni mlango wa sebuleni kwa kitasa cha juu, toeni kila cha kupandia, na mtafute uzio wa neti wa muda, ule wenye vijiti vinavyochomekwa kwenye matundu ya sakafuni, muuweke kati ya baraza na maji. Geti la zamani geuzeni lifungukie nje hata kama litavunjwa mwezi ujao. Mkishindwa kupata neti ya muda, pampuni maji yote mtoe, na bwawa libaki tupu na mvua ikinyesha likaushwe siku hiyohiyo mpaka uzio usimame. Geti bado lifungwe, kwani shimo tupu la mita mbili nalo linavunja shingo. Ukipata michoro kutoka kwa muuzaji, nitumie nakala pamoja na vipimo vya baraza, nikuambie uzio wa nne upite wapi.